Bei ya Enzi za Malori

Baba alikuwa na haja moja tu katika uzee wake: auze nyumba yetu ya Busia, upande wa Uganda, anunue tena kipande cha shamba la ukoo kule Bulumbi, ajenge chumba kimoja, na siku ikifika azikwe mlangoni pake. Kwetu mwanamume huzikwa penye nyumba yake. Shamba hilo aliliuza mwenyewe ujanani ili atujengee mjini, na jirani aliyelinunua alikubali kumrudishia sehemu yenye kaburi la bibi yangu. Ila alisema asingojeshwe sana.

Kazi ya kuuza nilipewa mimi, kifungua mimba, kwa kuwa nauza nyanya sokoni na wanasema nina mdomo wa biashara. Nikavimba kichwa. Bei niliyotaja ilikuwa ya enzi zile za misururu ya malori, madereva walipokwama mpakani siku tatu, nne, na mawakala wa forodha wakagombania vyumba vyetu vya uani. Siku hizi malori hukaguliwa mara moja na kupita. Vyumba vinne kati ya sita vilikuwa vitupu, na funguo zake nilikuwa nazo mimi. Sijui nilitaka ushahidi gani zaidi.

Dalali aliniletea mteja mwenye bei ya chini, akanionya. "Mama, hiyo bei ya zamani. Lori sasa nakwenda tu, dereva hapana lala hapa. Watu nataka kiwanja kule nje, barabara ya Tororo. Huyu mteja iko tayari, mpe tu."

Nilimfukuza kama kuku. Saa nane mchana mimi hupunguza bei ya nyanya bila kuambiwa na mtu, maana naona zinavyolegea. Nyumba niliiona imesimama, nikadhani na bei yake imesimama.

"Mwanangu, mpe," baba alisema. "Mimi sitafuti utajiri."

"Subiri kidogo, baba. Wateja watapanda bei."

Hawakupanda. Jirani wa Bulumbi akachoka, akamuuzia mtu mwingine. Baba aliposikia hakunigombeza. Aliomba chai, ikapoa mbele yake.

Hakumaliza miezi miwili. Baba zangu wadogo walipokaa kuamua azikwe wapi, mazungumzo yalikuwa mafupi: Bulumbi hana mlango, mlango wake uko hapa. Wakachimba kati ya baraza na lango. Nilitaka kupiga kelele kwamba hapa sipo alipopataka, lakini ningemlaumu nani, wakati aliyemzuia ni mimi? Uchungu huo ninao mpaka leo.

Tangu hapo nimeteremsha bei mara tatu. Dalali bado huniletea watu. Wa mwisho alikuja wiki iliyopita, akapenda vyumba, akapenda hata bei. Kisha akasimama barazani, akatazama kaburi.

"Mama, huyu ni nani?"

"Mwenye nyumba," nikasema.

Akanipa pole, akaita boda.