Labeka ya Kahindi

Sisi tuliozaliwa pwani hii kabla ya lami na kabla ya redio, tukiitwa tulikuwa tukiitika. Nasema na nyinyi wa rika langu, mliobaki wachache, mnaokaa vibarazani mkisugua magoti. Mnakumbuka? Mama akiita "Ali!", hata uwe juu ya mnazi, hata uwe na kipande cha muhogo wa moto mdomoni, jibu lilikuwa moja: "Labeka!" Msichana naye alisema "Bee!" Ukiitwa mara ya pili ujiandae kujieleza, na ukiitwa mara ya tatu ulilala na njaa. Siku hizi mjukuu wangu nikimwita hunyamaza, au akijitahidi sana hunijibu, "Nini?" Nini! Ningemjibu mama yangu hivyo, haya meno matatu niliyobakiwa nayo nisingekuwa nayo.

Lakini leo sikuja kulalamika juu ya adabu. Kuna jambo linanichanganya tangu ujana wangu, na kila nikilishika naliona limegeuka. Pengine mmoja wenu ataniambia.

Nilisoma Takaungu, katika nyumba ya mawe ya tajiri mmoja aliyekwisha kufariki. Sisi wavulana wakubwa, tulioanza kuota ndevu, tulisomea ukumbi wa mbele, juu ya majamvi, na mbao zetu za kuandikia tuliziosha kisimani mpaka wino wa masizi ukatutiririka viwikoni. Ndani, nyuma ya mlango mzito, aliishi mjane wake, Bi Rukiya, mwanamke mtawa ambaye hatukupata kumwona ila vidole vyake, siku za Maulidi, vikipenya mlangoni na sahani ya kaimati. Moshi wa udi wake ulichanganyika na harufu ya papa mkavu kutoka sokoni. Mpaka leo nikizinusa hizo mbili pamoja najikuta nakumbuka hesabu za kugawanya.

Walimu wetu walikuwa wawili. Maalim Nasoro alitufundisha dini, kusoma na adabu. Alikuwa mrefu, mwembamba, kanzu yake haina doa, na alijivunia adabu yetu kama mwingine anavyojivunia ng'ombe. Mwalimu Petero alikuja kutoka misheni ya Rabai kutufundisha hesabu, herufi za Kizungu na gwaride. Kwa kuwa "kulia" na "kushoto" vilitupotea miguuni, alitufunga kipande cha kumbi la nazi mguu mmoja na ukuti mguu wa pili, akawa anapiga kelele uani, "Kumbi! Kuti! Kumbi! Kuti!" na wanawake wanaopita na ndoo zao wakicheka mpaka maji yanawamwagikia. Dini ziliwatenga wale walimu, kahawa chungu ikawakutanisha, na wote wawili waliimba wimbo mmoja: mtakuwa raia wema.

Raia wema wa nani, sasa? Hapo ndipo vichwa vilipotuuma. Nchi tuliambiwa ni ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu tuliiona kila siku. Lakini amri zilitoka kwa Mwingereza. Vita vilipoanza, Mwalimu Petero akatuambia adui ni Mdachi, yaani Mjerumani. Mdachi mwenyewe hakuna aliyepata kumwona, na mimi nilidhani ni aina ya nyani. Halafu tukasikia Sultani wa Waturuki, aliyekuwa akisifiwa na wazee wetu, naye yuko upande wa adui. Ijumaa hiyo tulitoka msikitini tukitazamana tu.

"Maalim," Kahindi akauliza kesho yake, "sasa sisi ni wa nani?"

Maalim Nasoro alifuta miwani yake ambayo haikuwa na vumbi. "Raia mwema akiitwa, huitika," akasema. "Mengine mtayajua mkikua." Basi tukashika hilo moja, maana ndilo tulilolielewa.

Huyu Kahindi ndiye ninayetaka kuwaeleza. Alikuwa mwana wa rafiki wa baba, mkulima wa Vitengeni aliyemuuzia baba mahindi miaka mingi. Watu wa bara walipogombana na Serikali, askari walichoma nyumba zao na ghala zao, na yule mzee akamleta mwanawe kwetu akiwa na shuka moja. Nilikuwepo uani aliposema na baba. "Ndugu yangu, msomeshe huyu ajue hawa watu wanataka nini, ili siku nyingine tujue kabla ya moto." Baba akamshika mkono, akasema mtoto ni wake.

Na kweli alikuwa wa kwetu. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja. Kwenye mchezo wa korosho alinifilisi kila jioni, kisha hunirudishia nusu ili kesho niwe na cha kufilisiwa. Alinifundisha kutega kwale, nami nikamfundisha kuogelea, ingawa aliyemeza maji mengi zaidi ni mimi. Mama alimpenda kuliko alivyotaka kukiri. Akiniita mimi, aliyekuwa akiitika ni Kahindi, halafu anakuja kunitafuta nilikojificha: "Twende, unaitwa." Mama akisema, "Huyu ndiye niliyemzaa, wewe ulikuja na mafuriko."

Siku moja alikuja mzungu mmoja wa Serikali kuitazama shule. Maalim Nasoro akatutawanya, huyu nyuma ya ukuta, huyu kisimani, huyu darini, kisha akasimama ukumbini akaita jina moja moja. Kila jina likajibiwa papo hapo, "Labeka, Maalim!" Mzungu alifurahi, akapiga makofi. "Na uwongo je?" akauliza. Maalim akajibu, "Wanafunzi wangu hawajui uwongo, Bwana." Tukapewa biskuti kutoka kwenye mkebe, ngumu kama kigae, na tukazila kwa heshima zote.

Baadaye vita vikazidi. Sukari ikapotea dukani kwa Banyani, mafuta ya taa yakafuata, na mama akaanza kupika uji wa mtama usio na kitu. Kisha likaja neno kariakoo, yaani kuchukuliwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi huko kwa Mdachi. Walichukuliwa watu wa mashambani, wakachukuliwa wavuvi wa Kuruwitu, na waliorudi walikuwa mifupa na kikohozi. Wengi hawakurudi kabisa. Mwalimu Petero alikuwa akituambia raia mwema haikimbii kazi ya Serikali. Alituambia hivyo mpaka mdogo wake mwenyewe alipochukuliwa, na tangu wiki ile hakulisema tena. Gwaride nalo likaisha, kumbi na kuti zikaachwa uani kuliwa na mbuzi.

Asubuhi moja, tumo katikati ya kusoma, Mwalimu Petero akaingia mbio, jasho linamtoka. "Askari wa kariakoo wamevuka Kilifi. Wanataka vijana wenye nguvu, na wanakuja hapa." Maalim Nasoro akaubisha mlango wa ndani, akasema na Bi Rukiya kwa sauti ya chini, na mlango ule ambao hakuna mwanamume aliyeupita ukafunguliwa. Tukasukumwa ndani sisi wakubwa wote, tukajibanza chini ya vitanda na nyuma ya mapazia, ndani ya moshi wa udi. Wadogo, waliokuwa wakisomea uani, wakaketishwa ukumbini waendelee kusoma kwa sauti.

Kabla ya kufunga, Maalim akatwambia, "Nikiwaita, msiitike."

Lo! Tulidhani amepata homa.

"Hata mimi, Maalim?" Kahindi akauliza.

"Hata wewe."

"Lakini si ni wewe utakayeita?"

"Ni mimi," akasema Maalim, "lakini siye mimi." Akafunga mlango.

Nikakumbuka aliyokuwa akituambia bibi yangu, kwamba ukiitwa mchana wa jua la utosi na humwoni anayekuita, nyamaza, huenda si mtu. Sasa nikawa sijui nimfuate bibi au nimfuate Maalim, na Maalim yupi.

Yule mzungu wa biskuti ndiye aliyekuja, na askari wake. Tulisikia kila neno. Maalim akamwambia wakubwa wameondoka, wamekwenda mashambani kuvuna. Mzungu hakugombana. "Wewe ita wao," akasema. "Mimi najua shule hii. Kama wako, wataitika."

Wale wadogo wakaacha kusoma. Kisha tukaisikia sauti ya Maalim, ile ile ya kila siku, "Saidi!" Saidi alikuwa karibu yangu, akauma ncha ya kanzu yake. "Ali!" Jamani, nisikilizeni, ulimi wangu uliinuka wenyewe. Ulikwisha kuinuka, na labeka ilikuwa njiani, Kahindi alipoufunika mdomo wangu kwa kiganja chake. Kiganja kile kilinuka korosho za kuchoma. Maalim akaendelea kuita mmoja baada ya mmoja, na kila jina likaanguka sakafuni likakaa hapo.

Mzungu akamwambia askari, "Ingia, tazama." Askari akasema humo mna mwanamke mtawa. Mzungu akarudia, safari hii kwa ukali, na tukasikia viatu vikija mpaka kwenye kizingiti.

Hapo Maalim akaita jina lililobaki. "Kahindi!"

Kahindi akaondoa kiganja mdomoni mwangu. Akanitazama, na uso wake haukuwa na hofu wala ushujaa, ulikuwa uso wake wa kila siku, wa kuja kuniambia kuwa naitwa. Akasema, "Labeka, Maalim!" Akajifungulia mlango, akatoka, akaufunga nyuma yake.

"Wengine wako wapi?" mzungu akauliza.

"Hakuna, Bwana. Niko peke yangu."

Na mzungu akaamini, kwa kuwa wanafunzi wa shule ile hawajui uwongo.

Walipoondoka, Mwalimu Petero alichukua kofia yake akawafuata. Hakuambiwa na mtu. Alijiandikisha mwenyewe huko Kilifi, akawa nyapara wa wapagazi, ili awe karibu na mwanafunzi wake. Vita vilipokwisha alirudi na mguu mmoja mbovu. Alisema alishikwa na homa njiani, Kahindi akapelekwa mbele na mizigo, na hakumwona tena. Zaidi ya hapo hakuweza kusema, alikuwa analia. Mpaka sasa hatujui hata alikozikwa, kama alizikwa.

Baba yake Kahindi alikuja kutoka Vitengeni. Mama alimpikia akakataa kula. Alitaka kupelekwa kwa Maalim Nasoro, nasi tukampeleka, na alipofika hakuketi. Aliuliza swali moja tu. "Ni nani aliyemwita?"

Maalim akavua kofia yake. "Mimi."

Mzee akatikisa kichwa, akageuka, akaenda zake. Tangu siku ile Maalim Nasoro hakumwita mtu kwa jina tena. Alipiga makofi, au aligonga nguzo kwa fimbo. Hata mkewe alimpigia makofi. Tulifikiri ni uzee, wengine wakamcheka.

Sasa niambieni. Watu wa mji walisema ulimi wa Kahindi uliteleza kwa mazoea. Mimi nasema hapana, maana kiganja chake kilikuwa mdomoni mwangu, alijua vizuri kabisa anachofanya. Lakini Maalim je? Kwa nini jina la Kahindi lilibaki la mwisho? Alikusudia asiliite kabisa, kisha akaona viatu mlangoni akaishiwa la kufanya? Au alipima, akaona wana wa mji wana mama zao hapa karibu wa kumlilia mlangoni, na huyu wa bara, mama yake yuko mbali? Nampenda Maalim, alinifundisha kila nilicho nacho. Kuna siku namwona mtu aliyevunjika kwa kutuokoa. Kuna siku namwona aliyechagua. Nimezeeka nikimbadilisha hivyo, na yeye amekwisha lala kaburini na jibu lake.

Siku hizi watoto wanasomea kwenye viti, wana viatu, wana bendera yao wenyewe isiyo na utata, na uraia mwema wanafundishwa katika kitabu chenye picha za watu wanaofagia. Nafurahi, wallahi, ingawa gwaride lao Mwalimu Petero angelilia. Juzi mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, mwalimu anataka tuandike raia mwema ni mtu gani. Niandike nini?" Nikafungua mdomo kumpa lile jibu letu la zamani. Sikuweza. Nikamwambia aandike habari za kufagia.

Jioni yake nilimhitaji aniletee maji ya kutawadha. Nikamwita kutoka kibarazani, kimya. Alikuwa chumbani na redio yake. Nikamwita tena, kimya. Mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, amekasirika. "Mtoto huyu hana adabu hata chembe! Mwite kwa nguvu, mume wangu, mpaka aitike!"

"Mwache," nikamwambia. Nikainuka na magoti yangu, nikayafuata maji mwenyewe.