Mgeni wa Mwalimu na Ulimi wa Cucu

Juzi niliingia kibanda kimoja hapa Ruiru kununua mandazi, nikakuta mwenye kibanda ameyapanga ndani ya tangi la kioo la kufugia samaki. Tangi zima, na mandazi yamejilalia humo raha mustarehe. Nilicheka peke yangu mpaka yule mama akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa, nikamwambia, nifungie manne. Halafu, nisikufiche, nilipitisha kidole kwenye kona ya kile kioo nikakiweka mdomoni. Sukari tu. Nilikuwa natafuta chumvi.

Nililelewa Makongeni, kule Thika, na cucu, mama yake mama yangu. Mlango wetu ulitazamana na wa Mwalimu. Mwalimu alikuwa mjane, Mwislamu wa kutoka pwani, alifundisha sayansi katika shule moja ya upili pale mjini, na sebuleni kwake kulikuwa na kitu ambacho sisi watoto tuliapa hakuna kingine kama hicho Thika nzima: tangi la maji ya bahari. Marehemu mumewe ndiye aliyelianzisha. Ndani mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, jiwe moja kubwa, na juu ya jiwe alikaa anemoni. Mwalimu alitufundisha jina hilo na kutuonya kwamba huyo si ua. Ni mnyama, ana mdomo, anakula, na akichoka na mahali anahama. Mimi niliona ua tu, lenye vidole vingi laini vya kahawia, ncha zake zambarau, na wale samaki wakilala katikati ya vidole hivyo bila wasiwasi wowote.

Cucu alipomwona huyo anemoni mara ya kwanza aliuliza kwao ni wapi. Akaambiwa ni baharini, mbali. Akasema basi huyo ni mgeni, na atunzwe kama mgeni. Jina likashika. Kila asubuhi akinimiminia uji aliniuliza, "Mgeni ameamka?" nami natoka mbio kwenda kuchungulia.

Sasa lazima nikwambie tabia moja ya cucu. Alikuwa anakuuliza jambo mara mbili, maneno yale yale, sauti ile ile. Mara ya kwanza anakupa nafasi ya kudanganya. Mara ya pili anataka ukweli, na hakuna mtu katika ukoo wetu aliyewahi kuivuka hiyo mara ya pili.

Likizo moja ya Desemba Mwalimu aliuguliwa na mama yake, ikabidi asafiri kwao kwa wiki tatu. Kati ya watoto wote wa ploti, yale makazi yetu ya kupanga, alinichagua mimi, kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa sigongi kioo. Alinionyesha chakula cha samaki, na vipande vya kamba wa baharini vya kumpa Mgeni mara mbili kwa wiki. Kisha akanionyesha mstari aliouchora kwenye kioo kwa rangi ya kucha. Maji yakishuka chini ya mstari, niongeze kutoka mtungi mweupe, wenye maji ya mvua aliyoyachuja mwenyewe. "Hayo peke yake, mwanangu," akasema. Akaniambia pia kwamba Mgeni ndiye kiumbe hai wa mwisho ambaye mumewe alimwachia, na akanipa ufunguo.

Mimi nilikuwa namba moja darasani, na mtoto wa namba moja ni mtu hatari. Siku ya tatu maji yalishuka, si unajua jua la Thika mwezi huo, nikachukua ule mtungi mweupe na kuonja. Hayana chumvi! Nikawaza, Mwalimu amezeeka, amesahau. Bahari ni ya chumvi, hata mtoto wa chekechea anajua. Chini ya meza kulikuwa na mfuko wa chumvi ya bahari, ile aliyotumia akimwaga maji machafu na kuweka mapya. Nikachota kikombe, nikakoroga ndani ya ndoo na maji ya mtungi, nikamimina. Nikafanya hivyo kila maji yaliposhuka, na yalishuka karibu kila siku. Nilijiona daktari kabisa.

Wiki ya pili Mgeni alianza kunywea. Vidole vikarudi ndani, mdomo ukabaki wazi, rangi ikafifia mpaka akafanana na soksi iliyofuliwa sana. Asubuhi moja nilimkuta ameachia jiwe, yuko konani amelala upande, na wale samaki wanazunguka pale juu ya jiwe hawajui walale wapi. Nilirudi nyumbani nimebana machozi.

"Mgeni ameamka?" cucu akauliza.

Nikasema ameamka. Akaniwekea uji, akaketi, akauliza tena. Nikalia hadi uji ukaniingia puani.

Aliacha githeri yake ya mahindi na maharagwe jikoni akaja na mwiko mkononi. Alimtazama Mgeni, akatumbukiza kidole majini, akaonja, akatema mlangoni. Akauliza nimeweka nini humo. Nikasema maji. Akauliza tena, na ikabidi niseme maji na chumvi. Nilingojea kofi. Badala yake aliniuliza swali ambalo hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza.

"Githeri ikikaukia kwa sufuria, chumvi huenda wapi?"

Nikautazama ule mwiko.

"Haiendi mahali," akasema. "Maji ndiyo huenda. Wewe umekuwa ukimpikia mgeni wa watu chumvi juu ya chumvi."

Mwalimu alikuwa na kipimo chake cha kupimia chumvi, lakini alikuwa amekifungia kabatini. Kilichokuwepo ni chupa ya soda kwenye rafu, yenye maji ya bahari ya kwao aliyochota safari iliyopita. Ilikuwa haiguswi. Cucu aliifungua. Akamimina kidogo kwenye kiganja, akaonja, akafumba macho. Mwanamke huyo maisha yake yote yalikuwa kati ya Murang'a na Thika. "Kumbe bahari ni hivi," akasema polepole, akaifunga chupa.

Mimi nilitaka tumwage ndoo nzima mara moja yaishe. Akakataa, akasema tukimshtua atakufa kwa haraka yetu. Tukachota kikombe kimoja cha maji ya tangi, tukarudisha kimoja cha mtungi mweupe, tukangoja saa kadhaa. Anaonja tangi, anasukutua, anaonja chupa, anatikisa kichwa, kikombe kingine. Ili ulimi wake usiharibike, alipiga marufuku chumvi katika chakula chetu. Wiki nzima tulikula githeri isiyo na ladha, na sikuthubutu kulalamika. Siku ya tano Mgeni alishika jiwe. Siku ya saba nilipochungulia alikuwa amefunguka wote, na samaki mmoja amejilaza katikati yake. Nilipiga mayowe ploti yote ikatoka nje.

Mwalimu aliporudi, jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye chupa. Imepungua vidole viwili, kwa nini? Cucu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikasema yote papo hapo, bila kungoja kuulizwa mara ya pili. Mwalimu aliketi, akamwangalia Mgeni, kisha akamgeukia cucu. "Mama, Jumamosi uje tena uonje," akasema.

Ikawa desturi. Kila Jumamosi Mwalimu anasoma kipimo chake, cucu anaonja, halafu wanalinganisha na kunywa chai, mmoja ya iliki na mwingine ya maziwa tupu. Hawakutofautiana sana, na wakitofautiana cucu alisema kipimo kimezeeka.

Mwalimu alistaafu, akarudi kwao na Mgeni ndani ya ndoo yenye kifuniko. Ile ploti ilibomolewa, leo ni ghorofa. Mimi nikahamia Ruiru, cucu akahamia Kiganjo kwa mjomba, na alipougua, daktari akamkataza chumvi. Nilikuwa naenda kumpikia kila Jumamosi. Siku moja alinishika mkono, macho yakiwa mbali.

"Mgeni ameamka?"

Nikasema, "Ameamka, cucu. Amefunguka wote."

Nikajikaza, ukweli ukiwa tayari mdomoni, kwamba Mgeni aliondoka zamani na sijui hata kama yu hai, nikangojea swali la pili. Alitabasamu tu, akageukia ukutani. Nilikaa pale nikilingojea mpaka chai yangu ikapoa.