Mikono Iliyopaka Nyuso Zetu

Habari ya kifo chake niliipata Jumanne asubuhi, kwa simu ya dada wa Kikenya aliyekuwa akiishi naye chumba kimoja mtaa wa Discovery Gardens, huku Uarabuni. "Mwenzetu ametangulia," alisema. "Figo zimekataa." Wasomaji wangu hamumjui. Alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Tanga, na kwa miaka mingi alitunza nyuso za watu katika saluni moja ya Al Barsha, wangu ukiwamo. Mara ya kwanza nilimwendea nimekasirika. Nilikuwa nimepaka seramu, yale maji mazito ya kulainisha uso, ya bei kubwa, miezi miwili, na ngozi yangu, iliyokaushwa na kiyoyozi, haikubadilika. Akacheka kidogo. "Dada, hii umeipaka tu, haijaingia. Ngozi imeumbwa kuzuia vitu, si kuvikaribisha." Akanisafisha uso, akaniwekea taulo ya uvuguvugu, kisha akaipaka ile ile seramu, ngozi ingali na unyevu, taratibu, kwa vidole vitupu. Tangu hapo sikumwacha.

Mwaka jana nilikuwa kwenye kiti cha pili alipoletewa bi harusi, binti wa Kizanzibari aliyebakiza wiki moja aolewe. Mwenye saluni alimkabidhi kopo lisilo na maandishi: ampake binti shingo na mikono, kisha amfunge nailoni ili krimu iingie upesi, atakate. Yule mama wa Tanga akaliweka kopo mezani. "Samahani madam, siwezi. Nailoni haichagui. Kama mna sumu humu, itaingia nayo."

"Miaka yote ulikuwa ukiweza," madam alimjibu. "Khalas, basi, mwenzako atafanya." Hakubisha, maana ilikuwa kweli. Binti akasema kwa sauti ndogo, "Nifanyieni tu. Mama mkwe ameshasema kwenye picha nimetoka mweusi." Yule mfanyakazi mwingine akafanya. Siku ya harusi shingo ya binti ilikuwa imebabuka, na aliyeitwa kumtuliza ni yule yule aliyekataa, ambaye kufikia hapo alikuwa ameachishwa kazi kwa kukataa kule. Alikaa naye na vitambaa vya maji baridi mpaka akaweza kuvaa. Nami niliendelea kwenda saluni ile ile, kwa kuwa ni karibu na kwangu.

Nilipomtembelea hospitalini, aliniambia daktari alimuuliza kazini alikuwa akishika nini. "Nikamtajia yale makopo. Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Lakini dada, nilikuwa nikihofia ngozi za wateja. Sikuwaza kwamba na mikono yangu ni ngozi." Mji huu umetuzoesha kuuliza kitu kitafanya kazi lini. Mara chache tunauliza ni kitu gani, na ni nani anayekishika kila siku kwa ajili yetu. Mfanyakazi anayetukatalia tunachokitaka huenda ndiye pekee anayetuhurumia chumbani mle, na akikataa anahitaji mtu wa kusimama naye. Siku ile ya bi harusi mtu huyo alikuwapo. Nilikuwa mimi, nimekaa kitini, nikingoja zamu yangu.