Idd Waliyotoka Wamepauka

Jua halijachomoza Kilwa Masoko, na Kijakazi Likwata tayari amemsimamisha binti yake mlangoni. Anampaka losheni nzito nyeupe: usoni, masikioni, shingoni, hadi nyuma ya magoti. Somoe, mwenye miaka minane, analalamika kwamba masikio yalishapakwa jana.

"Jua la jana lilikwenda na jana," mama yake anamjibu, huku anaendelea kupaka.

Akimaliza anajipaka na yeye, anajitanda kanga na kushika njia ya mashamba ya chumvi, ambako hukokota chumvi kwa reki hadi mchana. Siku yenye kazi humpatia kama shilingi elfu saba. Somoe ana ualbino, kwa hiyo fedha hiyo hupitia kwenye losheni kabla ya kufika kwenye sukari.

Losheni ya kwanza aliinunua gulioni. Chupa ilikuwa na picha ya jua, inanukia vizuri, na mtoto aling'aa hasa.

"Nikamwona kapendeza, nikafurahi," anasema. "Mchana karudi kababuka mashavu, analia. Roho iliniuma, maana nilimpaka kwa mkono wangu."

Kumbe ilikuwa losheni ya kulainisha ngozi tu, na lile jua lilikuwa pambo.

Muuguzi wa kliniki ya ngozi alimwambia atafute losheni halisi ya kukinga jua, naye akaenda kwenye duka la dawa la Batool, ambaye familia yake imefanya biashara mjini hapo tangu enzi za babu yake. Batool alimwonyesha mambo ya kutazama kwenye chupa: namba ya kinga, yaani SPF, isipungue thelathini, iwe inazuia miale ya jua ya aina zote mbili, UVA na UVB, isiwe na manukato wala dawa za kuchubua, na tarehe iwe haijapita. Kijakazi akaijaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono wa Somoe kwa siku kadhaa. Ngozi ikatulia.

Tatizo likawa jingine. Losheni ile ilimwacha mtoto na weupe wa unga, na huku pwani mtoto akishaoga hupakwa mafuta mpaka ang'ae. Akionekana amepauka, anayesemwa ni mama.

Bi Fatu, mkwewe Kijakazi, hakuweza kuvumilia. Kijakazi akishaondoka tu, bibi alimfuta mjukuu kwa upindo wa kanga na kumpaka mafuta ya nazi, kwa mapenzi yake yote. Shingo ya Somoe ikaanza kutoka vidonda. Kijakazi alirudi dukani amefura, akiilaumu losheni. Batool alimsikiliza, kisha akamuuliza ni nani anayebaki na mtoto. Hapo Kijakazi akamkumbuka Bi Fatu na mafuta yake ya nazi.

"Sikuweza kumgombeza," anasema Kijakazi. "Ni kama mama yangu, na mafuta hayo hayo ndiyo niliyopakwa mimi utotoni."

Alikaa naye jikoni, akamweleza alichoambiwa na muuguzi, kwamba kidonda cha jua kisichopona huweza kugeuka saratani. Bi Fatu akauliza kama hata siku ya Idd mtoto atatoka hivyo hivyo mbele za watu.

"Atatoka hivyo, mama," Kijakazi akamjibu. "Na mie nitatoka hivyo."

Asubuhi ya Idd alijipaka losheni usoni bila kuisugua iishe. Mumewe, Mfaume, akacheka, akapakwa na yeye. Bi Fatu aliwatazama akiwa ameshavaa, akavua mtandio na kusogeza uso.

"Nipakeni na mie," akasema. "Wakicheka, watucheke wote."

Mfaume anasema walifanana na watu waliotoka mashine ya kusaga. Walichekwa kweli, lakini Kijakazi anasimulia siku hiyo kidevu kikiwa juu.

Siku hizi Bi Fatu ndiye anayekwenda shuleni wakati wa mapumziko, chupa mkobani, kumpaka mjukuu losheni tena. Mashavu ya Somoe hayajababuka tena, na shingo imepona. Kijakazi anaweka akiba amnunulie kofia ya ukingo mpana na sare za mikono mirefu.

Ukimuuliza anamtakia binti yake nini, hataji ualimu wala udaktari. Anamtazama Bi Fatu, ambaye amekaa kizingitini akimfunga Somoe vifungo vya shati.

"Nataka azeeke," anasema. "Azeeke kama huyo, awe na makunyanzi yake na wajukuu wa kuwasumbua. Ang'ae asing'ae, nataka azeeke."