Wimbo wa Tatu Unapumua

Kanda ile iliuzwa Bomet, Merigi, mpaka Sigowet, na kwa muda mrefu sikupita sokoni bila mtu kunishika mkono aniulize, "Fundi, mbona wimbo wa tatu unapumua?" Nilikuwa nawajibu kwa ukali kwamba redio zao ni mbovu, wanunue betri mpya. Uongo mtupu. Wimbo wa tatu unapumua kweli, na mimi ndiye niliyeuacha upumue.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa fundi wa kurekodi kwenye chumba kilichokuwa nyuma ya duka la redio mjini Bomet, kuta zimebandikwa trei za mayai na blanketi kuukuu. Kwaya zote zilinijua kwa mambo mawili, masikio mazuri na mdomo mbaya. Mama yangu, aliyekuwa amechuma chai ya kampuni kule Kericho tangu alipotoka upande wa ziwa, hakuchoka kuniambia hasira hasara. Mimi nilimwambia hasira yangu ndiyo inafanya kwaya ziimbe bila kuchelewa.

Kifaa nilichokipenda kuliko vyote kilikuwa kompresa. Wateja wakisikia hilo jina walicheka. "Kompresa? Kwani unataka kutupaka rangi kama gari?" Hii haikuwa ya kupuliza hewa. Lilikuwa boksi jeusi lenye swichi nne za kuzungusha na kioo chenye sindano, na nililiweka mwisho kabisa wa njia, mahali ambapo sauti zote zimeshakutana zikawa wimbo mmoja. Kazi yake ni kushika sauti inayopanda kupita kiasi na kuikandamiza. Swichi ya kwanza inaamua sauti ifike wapi ndipo ishikwe. Ya pili inaamua ikandamizwe kwa nguvu gani. Ya tatu na ya nne ni upesi wa kushika na upesi wa kuachilia. Mimi sikubadilisha kanuni yangu hata kwa askofu: mbili kwa moja, yaani kinachozidi kipunguzwe nusu, shika polepole, achilia kwa mwendo wa wimbo, sindano icheze kidogo tu. Ni kama kutia chumvi kwenye mboga ya wageni. Ukizidisha, sauti kubwa zinalala chini na vitu vidogo ambavyo hukuvitaka vinainuka, mlio wa kiti, pumzi za watu, mbwa wa jirani.

Basi Jumamosi moja ikaja kwaya ya akina mama kutoka Merigi. Mwimbishaji wa wimbo wa tatu alikuwa mama mzee waliyemwita kogo, yaani nyanya, hata wale waliokaribia umri wake. Alikuwa na sauti nzito yenye mikwaruzo, sauti ya kukufanya uache unachofanya. Lakini alikuwa na kikohozi. Alikohoa, nikasimamisha kanda. Tukarudia, akakohoa tena. Mara ya tatu nikavua hedifoni nikafoka, "Kogo, hapa si hospitali! Nenda usimame kule mlangoni, wimbo ataanzisha mwingine!"

Kogo alitembea mpaka mlangoni na sweta yake ya kijani, akasimama hapo mikono ameifumbata. Msichana mmoja akaanzisha wimbo na ukatoka safi. Nilifurahi sana siku hiyo, nataka niseme ukweli. Nilijiona fundi.

Wiki tatu baadaye, kabla sijauchanganya ule wimbo, alasiri moja akaingia mke wa mwana wa kogo na mtoto mchanga kifuani. Nje ukungu ulikuwa umefunika mji mpaka duka la ng'ambo halionekani. Mtoto alikuwa analia kilio chembamba, kilio cha mtu aliyechoka.

"Fundi, kogo alikufa," akasema. "Tumeshamzika."

Nikasema pole, ile pole ya mdomoni. Nilidhani amekuja kuuliza kanda.

"Huyu ana siku tisa. Hanyonyi vizuri. Analia mpaka anakauka. Wamama wa nyumbani wamemwitia majina yote, na hajapiga chafya."

Niliijua hiyo desturi, kwani nilizaliwa huku, katikati ya watu wa kogo. Mtoto akizaliwa, wanawake wanataja wafu wa ukoo mmoja mmoja huku wakimgusisha ugoro puani. Yule ambaye jina lake likitajwa mtoto anapiga chafya, ndiye amerudi, na ndiye atamlinda. Watu wa kanisa walifanya pia, mchungaji akigeuza kisogo. Lakini sikuwa nimewahi kusikia mtoto aliyekataa majina yote.

"Na kogo mlimwita?" nikauliza.

"Tulimwita wa kwanza. Mara tatu. Mtoto akanyamaza, akafungua macho, akatuangalia tu." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Ile siku kogo alitoka hapa, alisema kitu moja. Alisema, 'Wamenitoa kwenye wimbo.' Hakuimba tena mpaka akakufa. Sasa ataitikaje na alifukuzwa? Ni wewe ulimtoa, fundi. Mrudishe."

Uso ukaniwaka moto. Nikamwambia mimi ni fundi, si mganga, na mtoto asiyenyonya anapelekwa hospitali. Akasema amepelekwa mara mbili na hawajaona ugonjwa. Nikafungua mdomo nimfukuze na yeye, na hapo hapo mvua ya mawe ikashuka juu ya mabati, ile yetu inayochana majani ya chai kama wembe. Nani angetoka? Akaketi kwenye stuli karibu na mlango. Ni pale pale kogo aliposimama.

Mvua ilipopungua kidogo nikasema basi, nimsikilizishe aondoke. Nikawasha wimbo wa tatu na kanuni yangu ya mkono mwepesi. Ulikuwa mzuri. Dalili ya kogo haikuwepo hata kidogo. Yule mama akainamisha kichwa, na mtoto akazidi kulia.

Shida ni kwamba wanawake ishirini walikuwa wameimba kwenye maiki mbili. Sikuwa na uzi wa kogo peke yake niuvute. Nilichokuwa nacho ni lile boksi la mwisho, na dhambi ambayo nilikuwa nawakataza vijana wote wa kazi hii. Nikarudisha kanda mwanzo. Nikateremsha swichi ya kwanza mpaka chini, hata mnong'ono ushikwe. Ya pili nikaipeleka mwisho wake. Shika upesi, achilia upesi zaidi. Kisha nikapandisha sauti yote.

Wimbo ukaharibika vizuri kabisa. Kwaya ilibanwa chini, na kila walipomaliza mstari, chumba cha ile Jumamosi kikavimba kikaja juu, pumzi ishirini kwa pamoja, hewa ikivutwa na kusukumwa. Halafu nikamsikia. Wenzake walikuwa wanaacha neno la mwisho, yeye bado amelishika. Kila mwisho wa mstari alikuwepo kule nyuma, amechelewa, anamalizia. Sijui niliwezaje kutomsikia siku ile. Nilikuwa nasikiliza kikohozi.

"Ni yeye," yule mama akasema. Mtoto alikuwa bado analia.

Wimbo ukaisha, na mvua nayo ikakatika ghafla. Nikanyoosha mkono nizime, kisha nikaona sindano. Spika hazikutoa kitu, lakini sindano ilikuwa inashuka, inapanda, inashuka, polepole, kwa mwendo wa mtu anayepumua. Boksi lilikuwa limeshika kitu ambacho haya masikio yangu mazuri hayakisikii. Mungu wangu, niliogopa. Nilitaka kuchomoa waya ukutani. Badala yake, sijui kwa nini, nikaongeza sauti.

Nikakumbuka. Baada ya wimbo wa tatu nilitoka nje kugombana na fundi bati aliyekuwa anagonga, na kwa hasira nikaiacha kanda inazunguka. Kwaya walitoka kuota jua. Nilidhani wametoka wote.

Kogo alibaki. Alikuwa anaimba, chini chini, peke yake, ule wimbo niliomnyang'anya, kutoka mwanzo. Naapa sauti haikusikika ikitoka kwenye spika. Ilitoka mlangoni. Yule mama aligeuka kutazama nyuma ya bega lake, na mimi nilitazama pia, na hapakuwa na kitu ila ukungu ukiingia kwa chini ya mlango. Mtoto alinyamaza. Kogo akafika mstari wa mwisho, akaushika, akaushika, kisha akakohoa, karibu kabisa, kana kwamba ameinama juu ya stuli.

Mtoto akapiga chafya.

Hapakuwa na ugoro, wala hakuna aliyetaja jina. Mama yake akalitaja sasa, jina ambalo sitaliandika hapa, na mtoto akapiga chafya ya pili. Yule mama akalia kwa furaha na woga. Akafungua blauzi akampa ziwa. Mtoto akalikataa. Alikuwa ananitazama mimi.

"Anakungoja wewe," mama yake akasema.

"Mimi?"

"Si ni wewe ulimfukuza? Mwambie mwenyewe. Yuko hapa."

Ala! Mimi, ambaye sikuwahi kumwomba mtu msamaha katika chumba kile, hata mteja angekosewa vipi! Nilitazama lile boksi. Sindano ilikuwa bado inapanda na kushuka juu ya kanda tupu. Nikainuka, nikaenda mpaka mlangoni, nikapiga magoti kwenye sakafu baridi mbele ya mtoto wa siku tisa.

"Kogo," nikamwambia, "nilikukosea. Nisamehe. Utabaki kwenye wimbo na kikohozi chako, na hakuna mtu atakutoa tena. Zile swichi sitazigusa."

Mtoto alinitazama usoni, jambo ambalo kogo mwenyewe hakulifanya ile Jumamosi. Kisha akageukia ziwa la mama yake akaanza kunyonya, na mimi nikabaki pale chini mlangoni, namsikiliza anavyopumua.