Kiti Chini ya Kiti

Kwa miaka thelathini na mmoja Sindano alikalia viti vya magari ya watu, na hakuna hata kimoja kilichowahi kumpeleka popote. Alivikalia sakafuni mwa karakana yake, vikiwa vimeng'olewa, akivijaribu baada ya kuvishona: je, sponji inazama sawasawa, mshono haumchomi mtu mgongoni? Akiridhika, mwenye gari alikuja, kiti kikarudishwa mahali pake, gari likaondoka. Sindano alijipangusa nyuzi kwenye suruali na kurudi nyumbani kwa miguu.

Jina la Sindano alipewa na mafundi wenzake wa mtaa wa magereji, kwa sababu alikuwa mwembamba, na kwa sababu alikuwa hapindi. Katika kazi yake kuna njia ya mkato ambayo wengi wanaijua. Badala ya kulifumua kava kuukuu, kusafisha, kubadilisha sponji iliyochoka na kushona upya, fundi huvuta kava jipya juu ya lile la zamani, akabana kingo, akapokea hela ya kazi nzima. Kiti hung'aa miezi sita, kisha huanza kulegea kama shati la mtu aliyekonda ghafla. Sindano aliita kazi hiyo kumvalisha maiti suti. Mteja aliyeiomba, hata awe na haraka kiasi gani, alionyeshwa mlango.

Mtu wa namna hiyo watu hudhani hana tamaa. Sindano alikuwa nayo moja. Alitaka gari la spoti, lile la milango miwili na viti viwili tu, lililo chini chini kama paka anayevizia. Hakuwahi kumwambia mtu, kwani kulikuwa na ada za wanawe mapacha, na ada haziambiwi habari za magari. Lakini mapacha walipomaliza chuo na kuanza kujilisha wenyewe, jioni moja akamwambia mkewe.

Mama Pacha alikuwa karani wa bohari ya dawa hospitalini, mwanamke ambaye hakuweka sahihi kwenye karatasi yoyote kabla ya kuhesabu maboksi mara mbili. Alicheka mpaka akashika kabati. Kisha akaona mumewe hacheki, akajifuta macho.

"Viti viwili," alisema. "Basi angalau najua cha pili ni cha nani."

Gari alilipata kwenye matangazo ya simu. Lilikuwa la buluu, la zamani, lakini lilitunzwa, na mwenye nalo alikuwa muuguzi mstaafu wa chumba cha upasuaji, mama mtu mzima aliyeishi mbali, safari ya siku mbili kwa lori. Shemeji yake Sindano, mdogo wa Mama Pacha, ambaye alikuwa fundi makanika, alimfundisha cha kuomba: picha za injini, picha za chini ya gari, karatasi za matengenezo. Sindano alimsikiliza kwa heshima zote, kisha akaomba picha za viti.

Zilikuja kumi na moja. Alizisoma usiku na mchana kama mtu anavyosoma barua ya mchumba. Kiti cha dereva kilikuwa kimechakaa taratibu upande wa mlango, kwa mwendo wa mtu anayeshuka kwa adabu, si wale vijana wanaojitupa ndani na kujitupa nje. Kiti cha pili kilikuwa karibu kipya, maana yake mama yule aliendesha peke yake miaka yote. Na ubavuni mwa kiti cha dereva, kwenye ngozi ya kahawia, palikuwa na mpasuko ulioshonwa kwa mkono kwa uzi mweusi. Mishono kumi na miwili, midogo, iliyolingana. Alipouliza, mama alijibu kwa kifupi kwamba ni yeye mwenyewe alishona, kwa uzi wa vidonda, na akaomba radhi kwa ubaya wa kazi.

Sindano hakuona ubaya wowote. Alimwonyesha mkewe ile picha, akasema mtu anayeshona hivi pasipoonekana na mtu hawezi kumwibia.

"Shemeji," makanika alisema, "watu wananunua gari kwa injini. Wewe unanunua kwa makalio."

Hata hivyo ni shemeji huyo aliyepanga masharti, maana aliogopa dada yake asije akauziwa mbuzi kwenye gunia. Walikubaliana hivi: nusu ya hela itatumwa gari likipakiwa, nusu likishushwa na kukaguliwa. Kama silo gari la kwenye picha, dereva wa lori alirudishe juu, liende lilikotoka, na muuguzi atarudisha nusu ya kwanza. Dereva angesubiri mpaka saa sita mchana tu, kwani alikuwa na mzigo mwingine wa kuchukua. Hela yenyewe ilikuwa akiba yote waliyobaki nayo baada ya miaka ya ada. Mama Pacha hakulisema hilo. Aliitoa tu, baada ya kuhesabu mara mbili.

Lori liliingia mtaa wa magereji Jumamosi saa nne asubuhi. Mbao mbili zikategwa, gari likateremshwa kinyumenyume huku mafundi wa mtaa mzima wakiacha kazi na kuja kutoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Rangi ilikuwa ile ile. Shemeji aliinama akaisoma namba ya chesisi tarakimu moja moja, na Mama Pacha akaifuatilia kwa kidole kwenye karatasi, na zote zikaoana. Injini ikawashwa ikanguruma vizuri. Shemeji akakunja uso kwa kukosa la kulaumu.

Ndipo Sindano akafungua mlango.

Viti vilikuwa vyeusi. Vilikuwa vipya, vinang'aa, vimepigwa mishono myekundu ya mapambo, vinanuka duka.

Mtu mwingine angeshangilia. Sindano alirudi hatua moja nyuma. Kwa sababu kama kuna jambo alilolijua kuliko watu wote waliosimama pale, ni kwamba gari lililozama kwenye mafuriko hubadilishwa viti kwanza. Pua ya mnunuzi huanzia hapo. Matope huoshwa, injini hukaushwa, kava jipya huvutwa, na gari hunguruma vizuri kwa wiki kadhaa, mpaka kutu ianze kutafuna nyaya za umeme kutoka ndani. Wapo watu wanaojenga nyumba kwa biashara hiyo, na wanalala usingizi.

Alilijua hilo kwa mikono yake. Miaka mingi nyuma mchuuzi mmoja wa magari alimletea viti vyenye matope makavu kwenye reli. Sindano aliyaona, akavifunika kava jipya, akalipwa. Miezi mitatu baadaye mnunuzi alikuja na gari lililokufa, likivutwa kwa kamba. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Fundi, wewe ulijua?" Tangu siku hiyo Sindano hakuvalisha maiti suti tena, lakini swali lile halikumtoka. Sasa alisimama mbele ya gari lake mwenyewe na kuona kama zamu yake ya kuuliza imefika.

Alimpigia muuguzi. Simu haikupatikana. Akapiga tena, na tena. Sauti ile ile ya mashine ikamwambia ajaribu baadaye.

Umati wa mafundi ulianza kugawanyika vyama. Mmoja akasema mzee kaingizwa mjini mchana kweupe. Mwingine akasema mganga hajigangi, mshona viti katapeliwa kwa viti. Dereva wa lori, ambaye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya lori lake akimenya chungwa, alitazama saa.

"Mzee, mimi saa sita natoka," alisema. "Likiwa chini natoka, likiwa juu natoka. Niambie tu."

Ilikuwa saa tano kasorobo. Shemeji alishauri lipandishwe. Alisema kwa upole, bila utani, na upole huo ndio uliomtisha Sindano zaidi. Zulia na reli huoshwa vikatakata, lakini sponji haisahau maji, kwa hiyo njia ya kujua ilikuwa moja tu: kukifumua kiti na kutazama ndani. Lakini akikuta matope, angemrudishiaje muuguzi gari lenye kiti kilichochanwa? Mkataba ungekuwa umevunjwa na wembe wake mwenyewe. Alimtazama dereva, akamtazama mkewe. Mama Pacha alikuwa ameushika mkoba wake kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye foleni ndefu.

"Baba Pacha," alisema, "usimtazame dereva. Na mimi usinitazame. Tazama kiti."

"Nikikifumua, hakirudi kilivyokuwa."

"Kwani wewe si unajua kushona?"

Mafundi wakacheka, na Sindano akaokota spana. Alifungua bolti nne, akakitoa kiti cha dereva, akakibeba kifuani mpaka ndani ya karakana na kukilaza sakafuni, pale pale alipovilaza vingine vyote. Akachukua wembe wake wa kufumulia. Alianza chini, upande usioonekana, akikata uzi mmoja mmoja.

Fundi yeyote akifumua kava hutarajia kuona sponji. Sindano aliona ngozi.

Wembe ukasimama. Akapitisha kidole. Ilikuwa ngozi ya kahawia, laini kwa uzee. Akakata haraka zaidi, akalivuta kava jeusi kama mtu anavyomvua mtoto sweta, na ubavuni, upande wa mlango, ikatokea mishono kumi na miwili ya uzi mweusi. Aliihesabu kwa sauti. Kisha akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko kati ya ngozi na sponji, akaminya, akanusa vidole vyake. Vumbi kavu. Harufu ya sabuni ya hospitali, kwa mbali. Kwenye reli kulikuwa na grisi ya zamani iliyogandamana na vumbi la miaka, na ndani ya grisi hiyo kibanio cha nywele. Hapakuwa na chembe ya matope, wala ule mstari ambao maji huuacha yakishakaa mahali. Akaenda kukichungulia na cha pili kwa chini. Kilikuwa vivyo hivyo.

Sindano alikaa sakafuni akacheka mpaka machozi yakamtoka. Shemeji akadhani akili zimehama.

"Amefunika," Sindano alisema. "Fundi mwizi amefunika! Hakufumua kitu. Miaka yote nimewalaani watu hawa, na leo mmoja wao kaniokoa."

Shemeji alichuchumaa, akaitazama ile mishono kwa muda mrefu, akakiri kwamba hata yeye asingeweza kushona hivyo. Kwa makanika yule, hiyo ilikuwa kama kupiga magoti.

Saa tano na nusu simu ikaita. Muuguzi alikuwa kwa daktari wa macho, na simu alikuwa ameizima kama inavyotakiwa. Aliona amepigiwa mara tatu na sauti yake ilikuwa na wasiwasi. Je, gari limefika salama? Viti vimempendeza?

Sindano akamuuliza, kwa adabu, kwa nini alivibadilisha.

"Kaka yangu, niliona aibu," alisema. "Uliponiambia kazi yako, sikulala. Ningempelekeaje fundi wa viti kiti nilichokishona kwa uzi wa vidonda? Nikatafuta fundi hapa, nikamlipa avifanye upya kabisa, upokee kitu cha heshima."

Sindano alifumba macho. Hakuwa amewahi kumwambia. Alikuwa amesifu mshono ule kwa mkewe, kwa shemeji, kwa mafundi wa mtaa mzima, isipokuwa kwa aliyeushona.

"Mama," alisema, "mimi nilinunua mshono. Gari lilikuja juu yake."

Angeweza kuishia hapo, mama wa watu akaendelea na siku yake njema. Lakini lile swali la zamani bado lilikuwa linamngoja, na safari hii alijua jibu lake. Akamweleza kwamba fundi aliyemlipa hakufanya kazi aliyolipwa, alivuta tu kava jipya juu ya la zamani, na kwamba ana haki ya kwenda kudai chake. Alitegemea kusikia hasira.

"Kwa hiyo kiti changu hakikutupwa?" aliuliza yule mama.

"Kipo. Kimevaa koti tu."

Alisikia pumzi ndefu ikishushwa upande wa pili, umbali wa safari ya siku mbili, na akagundua kwamba na yeye alikuwa anashusha yake. Muuguzi alisema kwamba kwa fundi yule atakwenda Jumatatu, na ataingia na mkasi. Sindano alimwamini.

Dereva wa lori hakuhitaji kuambiwa. Alizitupa mbao zake juu, akapeana mikono na kila mtu hata asiyehusika, akaondoka dakika ishirini kabla ya muda wake. Mama Pacha alituma nusu ya pili, baada ya kuisoma namba mara mbili, kisha akauweka mkoba begani kama mtu mwenye shughuli zake. Sindano akakirudisha kiti cha dereva kikiwa uchi, na ngozi yake ya kahawia na kovu lake, akakaza bolti zote nne.

Kuingia haikuwa rahisi. Gari lile lilitengenezwa kwa watu wenye magoti mapya. Mama Pacha alitanguliza kichwa, akatoka, akatanguliza mguu, akatoka, na mwishowe akaamua kukaa kwanza kisha kujizungusha, huku mdogo wake akiambiwa atazame pembeni. Walipokaa wote wawili, walikuwa chini kiasi kwamba waliona magoti ya mafundi waliosimama nje.

Sindano aliunyoosha mkono wenye wembe kuelekea kava jeusi la kiti cha mkewe, atazame tu namna alivyobana kingo yule mwizi. Mama Pacha akaupiga ule mkono.

"Changu usikifumue leo. Kwanza nipeleke mahali."

"Wapi?"

Alifikiri. "Nyumbani sukari imeisha."

Duka la sukari lilikuwa mtaa wa pili, mwendo wa dakika tano kwa miguu. Walipita njia ndefu, wakarudi alasiri, na sukari walikuwa wameisahau.