Mizani ya Baruti

Dola thelathini na tano, baada ya kutajiwa hamsini: hiyo ndiyo bei ya mizani ndogo ya shaba niliyoikuta kwa jirani yangu hapa Doonside, mtaa wetu wa ughaibuni, akiuza vikorokoro vya gereji yake. Noti nilizihesabu mara mbili, kisha nikainusa mizani. Ilinuka mafuta ya bunduki, kama chumba cha Baba kule Tanga.

Baba alikuwa na bunduki kuukuu ya kuwindia, ambayo risasi zake hazikutengenezwa tena. Basi aliokota maganda yaliyokwisha kupigwa, akayajaza baruti upya mwenyewe, akiipima kwa mizani kama hii. Alasiri moja alimwita chumbani mdogo wangu Zuhura, mimi nikafungiwa mlango. Nje nilisikia baruti ikichuruzika sahanini, na wao wakinong'ona. Niliamini anamwonyesha alikoficha dhahabu ya bibi. Nilinuna mpaka chakula cha usiku, nacho nikakila chote.

Jumamosi Zuhura alikuja kutoka Liverpool, mtaa mwingine wa jiji letu hili hili, akaishika mizani, akacheka.

"Dhahabu gani, dada? Macho ya Baba yalishaanza kufifia. Mimi nilikuwa namsomea mshale wa mizani. Aliogopa polisi wakijua watamnyang'anya kibali cha bunduki."

"Na mimi mkubwa, mbona hakuniita?"

"Dada, wewe ungenyamaza?"

Dhahabu ningemsamehe. Kuaminiwa kule siwezi. Na sasa anaitaka mizani, eti ni kumbukumbu yake na Baba. Ninyi mngempa bure, au mngemtajia hamsini?